"Tea" na "chai": jani moja, njia mbili

Maneno yote mawili yamo katika Kiingereza cha leo, na yote chimbuko lake ni China, tena kwenye herufi ileile ya Kichina. "Tea" lilipita baharini: watu wa Fujian, jimbo la pwani ya China, hutamka te, Waholanzi wakalibeba kwenye meli zao karne ya 17, Waingereza wakalipokea. "Chai" lilitokana na cha, likapita nchi kavu hadi Uajemi, ambako lilipata ile i ya mwisho, kisha India. Ndilo neno letu pia.

Ukiagiza "chai" kwenye mkahawa wa London, utaletewa ya maziwa, inanukia iliki na tangawizi. Ya kawaida ni "tea". Mimi napenda zaidi "chai", ila "chai tea" kwenye menyu huniudhi: ni kusema chai mara mbili.