Miaka mitatu na IBM Model M: kibodi ya 1989 kwenye meza ya leo

Ukiigeuza kibodi hii kifudifudi utakuta karatasi ndogo nyeupe iliyobandikwa mgongoni, yenye namba 1391401 na tarehe ya kutengenezwa. Yangu ni ya mwaka 1989. Kwa miaka 3 sasa nimeandikia kila kitu kwa kibodi hii: ripoti, tafsiri, barua pepe, na maneno haya unayoyasoma.

Ilikuwa ya mjomba wangu, aliyefanya kazi ya ukarani mpaka akastaafu. Kompyuta iliyokuja nayo ilikwisha kutupwa zamani, lakini kibodi ilibaki stoo ndani ya mfuko wa plastiki, waya wake uliojikunja kama wa simu ya mezani ukiwa umezungushwa vizuri. Nilimuuliza kama bado inafanya kazi. "Chukua, mjomba," akaniambia, "kaijaribu mwenyewe." Nikanyoosha mkono mmoja kuipokea, ikabidi niongeze wa pili. Ina uzito wa zaidi ya kilo 2, maana ndani mna bamba la chuma lililopindwa kidogo kama ungo ili kila mstari wa vitufe ukae sawa na mkono. Ukiiweka mezani haisogei hata ukichapa kwa nguvu kiasi gani.

Kuiunganisha kulinisumbua, na hapa nataka kumwokoa mtu na siku mbili nilizopoteza. Waya wake unaishia kwenye plagi ya duara ya PS/2, aina iliyoletwa na kompyuta za IBM za 1987, na kompyuta yangu ina USB tu. Nikatafuta adapta ndogo ya bei nafuu, ya kampuni ambayo hata jina lake halikuandikwa. Herufi nyingine zikaja mara mbili, nyingine hazikuja kabisa, taa za kibodi zikawa zinawaka na kuzimika. Nilidhani kibodi imekufa. Kumbe ile adapta ilikuwa inabadilisha umbo la plagi tu, ilhali kibodi ya umri huu haijui lugha ya USB hata kidogo. Inahitaji kigeuzi chenye chipu yake ndani, kinachosikiliza PS/2 upande mmoja na kusema USB upande wa pili. Nilipopata hicho, kila kitufe kiliitika mara moja. Na kama kompyuta yako bado ina tundu la PS/2, izime kwanza kabla ya kuchomeka au kuchomoa. Tundu hilo halikuundwa kwa mchezo wa chomeka-chomoa kama USB, na unaweza kuliunguza.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niishike kwa miaka yote hii.

Chini ya kila kitufe kuna springi nyembamba iliyosimama ndani ya kijibomba cha plastiki. Inasimama juu ya kipande kidogo kinachobembea. Unapobonyeza, springi inajikaza, inajikaza, kisha ghafla inakunjika kiunoni na kuupiga ukuta wa bomba: hapo ndipo unaposikia ule mlio wa "tak". Sekunde hiyo hiyo kile kipande cha chini kinabembea na kubana utando wa plastiki, na herufi inakwenda. Mlio, mruko unaousikia kidoleni, na herufi kutokea kwenye skrini ni tukio moja. Wazo hili la springi inayokunjika lilipewa hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, mwaka 1978 kwa jina la Richard Harris wa IBM, kampuni iliyokuwa tayari na uzoefu mrefu wa taipureta za umeme, ikiwemo Selectric ya 1961. Walijua mchapaji anataka kusikia nini.

Kwa mtu anayeandika Kiswahili jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Lugha yetu imebebesha kazi kubwa herufi ya mwanzo wa neno. Andika "walikuja", W isishike, umeandika "alikuja". Andika "anakuja", A ya kwanza isishike, umeandika "nakuja". Herufi moja imedondoka, na aliyekuja ni mtu mwingine kabisa. Kisahihishi hakitakusaidia, kwa sababu neno lililobaki ni sahihi. Kwenye kibodi ya laptopu niliyokuwa nikitumia, yenye vitufe bapa vinavyozama kidogo sana, makosa ya aina hii ndiyo yaliyokuwa yakinipita. Niliwahi kutuma tafsiri yenye sentensi tatu zilizobadilisha mtendaji, na mteja ndiye aliyeziona. Niliona aibu sana.

Kwenye Model M kidole chenyewe kinakuambia. Usiposikia mruko, herufi haikwenda, nawe unajua hapo hapo bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi unayonakili. Sikuanza kuchapa haraka zaidi, wala sidhani kama kibodi inampa mtu kasi. Nilichopata ni kuacha kurudi nyuma kila mstari kukagua.

Kuna kitufe kingine ninachokipenda kwa sababu ya lugha: ile alama ya king'ong'o, kama ilivyo ndani ya neno lenyewe, iliyo kando ya Enter. Kidole kidogo cha kulia kinaifikia bila kuhama. Ng'ambo, ng'arisha, ung'ang'anizi, yote yanatoka kwa mwendo mmoja. Kwenye simu alama hiyo imefichwa ukurasa wa pili, ndiyo maana watu wengi siku hizi wanaandika "ngombe" na kuiacha hivyo.

Tazama pia herufi A. Hakuna kitufe tunachokipiga kama hicho. Kwenye laptopu yangu ya zamani A ilifutika ndani ya miaka miwili, likabaki doa linalong'aa. Kwenye hii, iliyopigwa na mjomba miaka yote ya kazi na kisha na mimi, A bado inasomeka vizuri sawa na Q, kitufe ambacho Kiswahili hakikihitaji. Sababu ni kwamba herufi hazikuchapwa juu ya kitufe. Rangi ilipenyezwa ndani ya plastiki yenyewe kwa joto, tena plastiki ngumu ya aina ya PBT isiyochakaa upesi kwa mafuta ya vidole.

Mpangilio wake huenda hautakushangaza, na hilo lenyewe ni sifa. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya 1981 ilikuja na kibodi ya vitufe 83, F1 hadi F10 zikiwa zimepangwa kushoto. Model M ilipotoka mwaka 1985 ilikuwa na vitufe 101: F1 hadi F12 zikapandishwa juu kwa makundi ya nne nne, mishale ikapata mahali pake chini, namba zikabaki kulia. Angalia kibodi kubwa yoyote mbele yako leo, bado ni ramani hiyo hiyo.

Usafi nao una namna yake. Ya kwangu ilikuwa na vumbi la miaka, nywele, na vipande vya karatasi. Vitufe vingi ni vya sehemu mbili, kofia ya juu na shina, hivyo unavua kofia peke yake bila kugusa springi. Nilipiga picha kwanza ili nisisahau mpangilio, nikaziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikazianika siku nzima. Usizirudishe zikiwa na unyevu. Kosa nililofanya ni kung'oa shina la kitufe cha M kwa udadisi. Nilipolirudisha, kitufe kikawa kinazama kimya, hakilii wala hakiandiki. Nikamulika tochi ndani ya tundu nikaiona springi imelala upande. Dawa yake ni kuisimamisha kibodi wima, upande wa kitufe cha nafasi ukiwa juu, springi ijiweke sawa yenyewe, ndipo ukandamize shina. Nilijaribu mara nne. Ya tano ikasema "tak", na M yangu ikarudi.

Kasoro zipo, na nyingine si ndogo.

Kelele ndiyo ya kwanza. Usidanganywe na wanaosema utaizoea. Wewe utaizoea, walio karibu nawe hawataizoea. Usiku wa kwanza mke wangu aliniita kutoka chumbani akiuliza nini kinagongwa. Kwenye mikutano ya video lazima nizime maikrofoni kabla ya kuandika chochote. Kama unafanya kazi kwenye chumba kimoja na wenzako, sikushauri uilete.

Haina kitufe cha Windows, kwa kuwa kilikuja baadaye, katikati ya miaka ya 1990. Mimi nimekipa Caps Lock kazi hiyo kwenye mipangilio ya kompyuta na sijaona pengo. Kwa wachezaji wa gemu kuna tatizo kubwa zaidi: ukibonyeza vitufe vitatu au zaidi kwa pamoja, baadhi ya michanganyiko haipokelewi, kwa sababu ya jinsi nyaya zilivyosukwa kwenye ule utando wa ndani. Kwa kuandika huwezi kuligundua. Kwa gemu litakukera siku ya kwanza.

Ukiikuta ya zamani mahali, itikise kwanza na usikilize. Bamba la chuma limeshikwa na ribiti ndogo nyingi za plastiki, na plastiki ya miaka zaidi ya 30 inaweza kukatika. Vipande vikicheza ndani kama punje kwenye kayamba, ujue inahitaji kufunguliwa na kukazwa upya kwa skrubu, kazi inayotaka subira. Yangu bado imekaza. Na uilinde na chai. Matoleo ya baadaye yalitobolewa njia za kutolea maji, haya ya awali hayana.

Anayeitaka bila kuhangaika na vigeuzi na ribiti ana njia nyingine. IBM ilitenga kitengo chake cha kibodi cha Lexington, Kentucky, nchini Marekani, mwaka 1991 kikawa sehemu ya kampuni ya Lexmark. Lexmark ilipoachana na kibodi mwaka 1996, wafanyakazi wakaunda Unicomp katika mji huo huo, na hadi leo inatengeneza kibodi za springi ile ile, zikiwa na USB na kitufe cha Windows. Kwa mwandishi, mfasiri au mwanafunzi mwenye tasnifu mkononi na chumba chake mwenyewe, ningemwelekeza huko bila kusita. Anayehama na kompyuta begani asifikirie kabisa kuibeba.

Mimi nimejiwekea utaratibu. Mchana Model M ndiyo iliyo mezani. Ikifika saa nne usiku naisogeza nyuma na kuvuta kibodi ndogo isiyo na sauti. Kazi ninazoandika saa hizo huwa sizitumi usiku ule ule. Asubuhi nairudisha Model M mahali pake, nazipitia tena sentensi za usiku, na bado huwa nakuta "alikuja" moja au mbili walipokuja wengi.