Antivairasi ya Bure kwa Kompyuta ya Nyumbani: Niliyomwekea Mdogo Wangu

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni sana. Laptopi mnayoiona hapa mezani ni ya mdogo wangu, yuko mwaka wa tatu chuoni. Juzi alikwenda steshenari kuchapisha kazi yake, akachomeka flashi kwenye kompyuta ya pale, aliporudi nyumbani akaichomeka humu. Sasa tazameni skrini. Folda zote za kwenye flashi zimegeuka shotikati, yaani njia za mkato tu za kufungulia kitu kingine. Mnakiona hiki kimshale kidogo kwenye kona ya kila folda? Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida na kazi zako unaziona, kumbe bofyo hilohilo ndilo limekiamsha kirusi. Alinipigia simu analia, akidhani miezi minne ya utafiti imepotea.

Haijapotea, imefichwa tu. Mashine ikishasafishwa kwa antivairasi, nafungua dirisha la amri (Command Prompt), naandika attrib -h -r -s /s /d, kisha herufi ya flashi, ambayo hapa ni E, hivi: E:\*.* na kubonyeza Enter. Mnaona? Folda zake zimerudi. Lakini nasisitiza, mashine isafishwe kwanza. Ukianza na flashi, kirusi kilichomo kwenye laptopi kitazificha tena hapohapo.

Sasa swali mnaloniuliza kila siku: niweke antivairasi gani ya bure? Kama unatumia Windows 10 au 11, anza na ile ambayo tayari unayo. Inaitwa Microsoft Defender, imo ndani ya Windows, haina malipo na haikusumbui na matangazo ya kununua toleo kubwa. Maabara ya AV-TEST ya kule Magdeburg, Ujerumani, huzipima hizi programu kwa alama 18: sita za ulinzi, sita za wepesi, sita za urahisi wa kutumia. Kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikikaa juu pamoja na zile za kulipia.

Kwa nini basi mdogo wangu kaumwa? Nafungua hiki kingao hapa chini kulia. Angalieni, ulinzi wa muda wote umezimwa. Fundi aliyemwekea programu ya kukraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa ili itumike bure, aliuzima ili kraki yake ipite, akaondoka bila kuuwasha. Hapa ndipo roho inaniuma, jamani. Programu yoyote inayokuambia zima antivairasi kwanza ndipo uniweke, iache. Mtu anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia kwako, unamfungulia geti?

Defender ina udhaifu wake, na kwetu huku unatugusa. Sehemu kubwa ya uwezo wake inategemea intaneti, kwa sababu ikikutana na faili isiyoielewa huuliza kwenye seva za Microsoft. Kwenye vipimo vya AV-Comparatives, maabara ya Innsbruck kule Austria, uwezo wake wa kukamata virusi unashuka waziwazi kompyuta isipokuwa na mtandao. Sasa fikiria maisha yetu: bando limeisha, flashi imetoka steshenari, unaichomeka. Tena ukiwa unaunganisha laptopi kwa simu na umeiambia Windows ibane matumizi ya data, masasisho ya Defender yanaweza kusimama bila wewe kujua. Ingia kwenye kingao, shuka hadi sehemu ya masasisho, bonyeza mwenyewe. Fanya hivyo kila unapoweka bando.

Kwa hiyo kama kompyuta yako hukaa siku nyingi bila mtandao na flashi zinaingia na kutoka, mimi nitakushauri Bitdefender ya bure. Inatoka Romania, itakutaka ufungue akaunti, ila hata bila intaneti inakamata vizuri. Ukiiweka, Defender inajipisha yenyewe. Usiweke mbili za ulinzi wa muda wote kwa pamoja, zitagombana na laptopi ya RAM ya GB 4 itakuwa nzito mno. Malwarebytes ya bure ni habari nyingine: siku 14 za majaribio zikiisha inabaki ya kuskani tu unapoiamuru, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Ndiyo niliyoitumia kuhakiki mashine hii baada ya Defender kumaliza.

Avast na AVG wengi mnazipenda. Zinakamata virusi, sikatai. Lakini mjue kwamba Avast, AVG, Avira na Norton leo zote ni za kampuni moja, Gen Digital. Na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa 2020. Mimi simwekei mama yangu kitu hicho wakati Defender ipo.

Walio bado kwenye Windows 10: msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema Defender itaendelea kupata orodha mpya za virusi humo hadi Oktoba 2028, ila matundu ya Windows yenyewe hayazibwi usipojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama (ESU). Kama mashine inaweza kubeba 11, hamia.

Nimeshawasha ulinzi, tuujaribu. Huu mstari wa alama 68 unaitwa EICAR, umetengenezwa kwa ajili ya majaribio na haudhuru chochote. Naubandika kwenye Notepad, nahifadhi… haya, moja, mbili, tatu. Imeondolewa, na onyo limetokea hapa kwenye kona. Kwako ikibaki imekaa tu, ujue ulinzi wako umelala.

Kitu cha mwisho kwenye laptopi hii ni ulinzi wa folda dhidi ya ransomware, yaani virusi vinavyofunga mafaili yako na kudai fidia, ambao kwa kawaida Windows inakuja umezimwa. Nauwasha, naongeza folda ya utafiti wake, na nakala nyingine naihamishia kwenye diski hii ya nje. Diski naichomoa. Hiyo atakaa nayo kabatini, na steshenari atakuwa anatuma kazi kwa barua pepe.