Kingston Fury Beast DDR4 3200: RAM nzuri, ila usiiache ilivyotoka kwenye boksi

Seti ni ya GB 16, vipande viwili vya GB 8. Ukiichomeka na kuwasha tu, Windows itaonyesha kasi ya 2400, si 3200. Usikimbilie kuirudisha dukani Kariakoo ukidai umeuziwa feki: 2400 kwa volti 1.2 ndiyo kasi yake ya kuanzia. Ile ya 3200 inataka volti 1.35, na ni wewe wa kuifungulia. Kompyuta inapoanza kuwaka, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) kwa Del au F2, washa XMP, yaani mpangilio wa kasi ulioandaliwa tayari ndani ya RAM (madabodi za ASUS za AMD huiita DOCP), hifadhi kwa F10. Kwa madabodi ya B450 au B550 yenye prosesa ya Ryzen 5 3600, naipendekeza bila kusita.

Kasi bado haipandi? Tazama madabodi. H410 na B460 zenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 10 hukomea 2666, ufanye ufanyavyo. Hapo nunua RAM ya 2666, chenji iende kwenye SSD (diski ya kasi). Ukiichanganya Fury hii na kipande cha zamani cha 2133, vyote vitashuka hadi 2133. CPU-Z (programu ya kukagua vifaa vya kompyuta) ikisoma 1600 usishtuke. Zidisha mara mbili, ni 3200 ileile.