Fidia ya Longshore kwa walioumia kwenye mitambo ya mafuta, Ghuba ya Meksiko: tathmini

Kabla ya kuomba fomu yoyote, tazama miguu ya mtambo. Ukiwa umejengwa juu ya nguzo zilizopigiliwa kwenye sakafu ya bahari, nje ya maji ya jimbo (maili 3 za baharini Louisiana, 9 Texas), sheria ya mwaka 1953 kuhusu sakafu ya bahari nje ya maji ya majimbo inakupeleka kwenye fidia ya Longshore, yaani sheria ya Marekani ya fidia kwa wafanyakazi wa bandarini, chini ya Wizara ya Kazi ya Marekani. Mtambo wa kuchimbia unaoelea, au ule wa kunyanyua miguu na kuhama, kwa kawaida huhesabiwa kuwa chombo cha majini, kama meli. Hapo njia ni Sheria ya Jones ya 1920: unamshtaki mwajiri kwa uzembe ndani ya miaka 3, na mahakama huangalia kama walau asilimia 30 hivi ya kazi yako ni ya chombo hicho.

Kwa anayefanya kazi kwenye mtambo wa nguzo, fidia ya Longshore ni nzuri kweli. Huulizwi kosa lilikuwa la nani. Taarifa ya kuumia, fomu LS-201, ifike kwa mwajiri na kwa ofisi ya Longshore ya Wizara ya Kazi ndani ya siku 30. Dai lenyewe, LS-203, ndani ya mwaka 1. Ripoti ya mwajiri, LS-202, haihesabiki kuwa dai lako. Usiandike "niliumia kazini". Andika: koleo la kukazia mabomba liliteleza, likabana kidole cha shahada, mkono wa kulia. Na bega likiuma hata kidogo, litaje siku hiyohiyo. Likiachwa, bima italikataa baadaye.

Malipo ni theluthi mbili ya wastani wa mshahara wa wiki. Siku 3 za mwanzo hazilipwi, ila ukikaa bila kazi zaidi ya siku 14 unarudishiwa. Kidole cha shahada kikipotea chote ni wiki 46, jicho 160, mkono mzima 312. Kwa mshahara wa dola 1,800 kwa wiki, kidole hicho ni 1,200 mara 46: dola 55,200, mbali na malipo ya kipindi cha kupona.

Kasoro kubwa iko kwenye huo wastani. Anayekaa baharini wiki 2 na nyumbani wiki 2 haingii sawasawa kwenye kanuni ya kukokotoa wastani, iliyowekwa kwa wanaofanya kazi siku 5 au 6 kwa wiki, na ovataimu ni rahisi kuachwa nje. Kusanya hati za mshahara za wiki 52 kabla ya ajali, upige hesabu mwenyewe kabla ya kusaini chochote.

Daktari wa kwanza unamchagua wewe. Kumbadilisha kunahitaji kibali, kwa hiyo usikubali haraka yule wa kampuni.

Bima ikipinga, mwendo ni wa kuchosha: kikao na ofisa wa Wizara ya Kazi, ambaye pendekezo lake halimfungi mtu, kisha jaji. Hata hivyo ada ya wakili lazima iidhinishwe kwanza, na ukishinda, mara nyingi hulipwa na upande wa mwajiri. Wakili anayekutoza kabla ya idhini hiyo anavunja sheria.