Tundu la Williams kwenye gobore la .50: uzoefu wangu wa kulenga bila darubini

Wakuu mnaowinda Colorado, Marekani, mnaijua kanuni: msimu wa magobore, siku tisa za Septemba, darubini hairuhusiwi. Baruti iwe ya kumimina, si ya vidonge. Risasi isivishwe kiatu cha plastiki. Na kwa elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kipenyo cha mtutu kisiwe chini ya inchi .50. Kazi yote inabaki kwa jicho lako na vilengeo viwili vya chuma.

Gobore langu ni la kisasa, la kuwashwa kwa fataki nyuma ya mtutu. Lilikuja na ushanga mwekundu wa plastiki mbele na mfereji wenye nukta mbili za kijani nyuma. Dukani vinapendeza. Uwanjani, jua likipiga upande mmoja, ule ushanga unavimba machoni, na jicho la mtu aliyevuka miaka arobaini haliwezi kushika mfereji, ushanga na mnyama kwa pamoja. Kimojawapo lazima kiwe ukungu.

Ndiyo maana nikanunua kilengeo cha tundu cha Williams, kampuni ya Davison, Michigan. Ni cha aluminiamu, chepesi, na kinafungwa kwenye matundu ya skrubu yaliyotobolewa kiwandani kwa ajili ya darubini. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, tumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, hadi mwisho wa mtutu na uhakikishe kwa alama yake kwamba hamna kitu ndani. Kisha futa mafuta kwenye matundu, tia tone la gundi ya skrubu, kaza taratibu.

Uzuri wa tundu ni kwamba hulitazami. Unatazama kupitia ndani yake, jicho lenyewe linatafuta katikati penye mwanga mwingi, na wewe unabaki na ushanga wa mbele tu. Mbele nilitoa ule mnene nikaweka mwembamba wa milimita 1.5. Ukiwa sentimita 90 kutoka jichoni, unafunika sentimita 15 kwa yadi 100. Ushanga wa milimita 3 ungefunika sentimita 30, yaani sehemu kubwa ya eneo la moyo na mapafu unalotaka kulipiga. Wengi wanalalamikia baruti wakati kinachowasumbua ni unene wa ushanga.

Faida nyingine ni nafasi kati ya vilengeo. Kwangu sasa ni kama sentimita 68, kwa hiyo kusogeza kilengeo cha nyuma milimita moja kunahamisha risasi sentimita 13 hivi kwa yadi 100. Hapo ndipo Williams wamenifurahisha kweli. Unalegeza skrubu ya kufunga, unazungusha ya kurekebishia, unasoma mistari iliyochongwa ubavuni, unafunga tena, na kinakaa palepale. Kilengeo cha nyuma kisogeze kule unakotaka risasi iende. Cha mbele ni kinyume chake. Risasi ikipiga chini, inua cha nyuma au punguza cha mbele.

Nilianza yadi 25 juu ya mifuko ya mchanga, nikahamia 50. Nilirekebisha hadi risasi zikagonga sentimita 6 au 7 juu ya nukta ya shabaha kwa yadi 50. Kwa risasi nzito ya mwendo wa wastani, hapo kwa yadi 100 unakuta uko karibu na nukta yenyewe. Tumia baruti ileile, kipimo kilekile na risasi ileile utakayobeba porini. Badilisha kimoja, umeanza upya. Pitisha kitambaa mtutuni kila baada ya mlio, maana masizi yanahamisha risasi, na uandike pembeni ilipogonga risasi ya kwanza ya mtutu safi. Ile ndiyo utakayompigia mnyama.

Tatizo la kilengeo cha tundu cha aina yoyote ni giza. Colorado inaruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na chini ya misonobari tundu dogo linaziba kabisa. Dawa yake ni rahisi: kifungue kisahani chenye tundu dogo kilichoskrubiwa kwenye kilengeo, ulenge kwa pete inayobaki. Jaribu hivyo uwanjani kabla hujaenda. Mimi kwa yadi 50 sikuona risasi zikihama, nikaamua kukiacha kisahani mfukoni msimu mzima.

Kitu kimoja cha kuongezea: kila skrubu ikishakaa, vuta mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa chake hadi kwenye aluminiamu. Barabara za mawe za milimani zinatikisa gari vibaya, na mstari uliokatika unaonekana hata kwa tochi, kabla hujamimina baruti.