Kitenzi "wear" katika Oxford Advanced Learner's Dictionary: tathmini kwa msomaji wa Kiswahili

Vitenzi vidogo ndivyo vinavyoipima kamusi ya wanaojifunza lugha. Neno gumu la kitaalamu huwa na maana moja na hufasiliwa kwa mstari mmoja, lakini kitenzi ambacho kila mtu anadhani anakijua ndicho kinachoonyesha kama watunzi wa kamusi walimfikiria mwanafunzi au la. Kwa sababu hiyo, katika kuitathmini Oxford Advanced Learner's Dictionary, nimeamua kukaa na kidahizo kimoja tu, yaani neno moja linaloelezwa katika kamusi pamoja na maelezo yake yote, nacho ni "wear", kitenzi ambacho mwanafunzi hufundishwa katika masomo ya mwanzo kuwa ni "kuvaa" na kisha huachwa nacho kana kwamba habari yake imekwisha. Kitenzi hichohicho hutumika kwa shati, kwa ndevu, kwa tabasamu, kwa soli iliyolika, kwa ganzi iliyoisha, kwa jioni inayosonga mbele na hata kwa pendekezo ambalo mkuu wa kazi hataki kulisikia.

Kamusi yenyewe ina historia inayoeleza tabia yake. Ilianzishwa na A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Kiingereza nchini Japani, akishirikiana na E. V. Gatenby na H. Wakefield, na ilichapishwa kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 1942 kwa jina tofauti na la sasa; Oxford University Press iliitoa upya mwaka 1948, na toleo la kumi lilitoka mwaka 2020. Hornby alishikilia kwamba mgeni wa lugha hahitaji kujua maana ya kitenzi peke yake, bali pia aina ya sentensi ambayo kitenzi hicho hukubali kuingia: kama kinadai yambwa, yaani mtu au kitu kinachopokea kitendo, kama kinaweza kusimama bila yambwa, na ni maneno gani yanayokifuata. Msimamo huo bado unaonekana katika kila sehemu ya kidahizo cha "wear", na naona ndio unaoipa kamusi hii thamani yake kubwa.

Tuanze na maana ya kwanza, ile ya nguo, kwa kuwa ndiyo inayodhaniwa kuwa rahisi na ndiyo inayomkosesha msomaji wa Kiswahili mara nyingi zaidi. Fasili ya kamusi haisemi kwamba "wear" ni kuingiza mwili katika nguo. Inasema kwamba ni kuwa na kitu mwilini, kama vazi au kama pambo. Tofauti hiyo ina uzito. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa kitendo na kwa hali, kisha huacha viambishi vya wakati vifanye kazi ya kutenganisha: mtoto "anavaa" viatu anapokuwa bado anahangaika na kamba zake, na "amevaa" viatu anapokuwa tayari amesimama navyo. Kiingereza hutenganisha mambo hayo kwa vitenzi viwili. Kitendo ni "put on", na hali ni "wear". Zaidi ya hapo, hali hiyo ya "amevaa" huelezwa kwa umbo linaloonekana kama la kitendo kinachoendelea, "she is wearing", ambalo msikilizaji wa Kiswahili hulisikia kama "anavaa". Matokeo yake ni sentensi kama "she is putting on a red dress", inayosemwa na watu wanaokijua Kiingereza vizuri wakimaanisha kwamba mwanamke fulani amevaa gauni jekundu, ilhali msikilizaji mwingine anaelewa kwamba gauni lenyewe bado halijapita mabegani.

Fasili ya kamusi, kwa hiyo, ni sahihi kabisa, na neno linalobeba mzigo wote ni lile la kuwa na kitu. Ninachokilalamikia ni kwamba neno hilo ni dogo mno kwa kazi lililopewa. Msomaji mwenye haraka hulipita, huona "clothing", huridhika na kuondoka. Maelezo ya "put on" yanapatikana chini ya kitenzi "put", na ya "get dressed" chini ya "dress", kama utaratibu wa kamusi unavyotaka, lakini mtu asiyejua kwamba anahitaji maelezo hayo hawezi kuyatafuta. Ningependa sana kuona, juu kabisa ya kidahizo, sentensi mbili zilizowekwa bega kwa bega, moja ikimwonyesha mtu akivaa koti na nyingine ikimwonyesha akiwa amelivaa. Nafasi ambayo sentensi hizo zingechukua ni ndogo kuliko hasara inayotokana na kukosekana kwake.

Kamusi inafanya vizuri zaidi inapoonyesha vitu vinavyoambatana na kitenzi hiki. Katika Kiingereza, watu "wear" miwani, saa, pete, beji, lenzi za macho, kifaa cha kusaidia kusikia, rangi ya mdomo, manukato na mkanda wa usalama wa gari. Mzungumzaji wa Kiswahili anakubaliana na nusu ya orodha hiyo bila shida, kwa sababu miwani na saa huvaliwa kwetu pia, lakini manukato tunajipulizia, rangi ya mdomo tunajipaka, mkanda tunaufunga, na tai vilevile tunaifunga. Mwanafunzi akitafsiri kitenzi kwa kitenzi atasema "tie the seat belt", na atajiona yuko sawa. Mifano ya kamusi inamkinga na kosa hilo bila kumhutubia, kwa kuwa inamwekea mbele sentensi kamili zenye vitu vya aina mbalimbali, na hivyo ndivyo ujirani wa maneno unavyopaswa kufundishwa. Rangi nayo huweza kusimama badala ya nguo: mtu "wears black", na hakuna haja ya kutaja gauni wala suti.

Maana mbili zinazofuata, ya nywele na ya uso, zimeelezwa kwa ufupi na ufupi huo unatosha. Mtu anaweza "wear her hair long", yaani akaziacha nywele zake zikiwa ndefu, au "wear a beard", yaani akafuga ndevu. Na uso unaweza "wear" tabasamu au mshangao. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba tabasamu linalovaliwa ni tabasamu linaloonekana kwa nje, na sentensi ya namna hiyo mara nyingi huacha wazi swali la kilichomo moyoni.

Tunapofika kwenye maana ya kuchakaa, kidahizo kinakuwa na utajiri, na hapo ndipo ninapoipongeza kamusi na pia kuilaumu. Kuchakaa kumegawanywa sehemu kadhaa. Kwanza kuna kitu kupungua ubora kwa kutumiwa, kama zulia la ngazini. Pili kuna kutoboa au kuchimba kwa kutumia mara kwa mara, kama soksi inayotoboka kisiginoni au njia inayochongwa na nyayo katika majani. Tatu, na hii humshangaza kila anayeikuta mara ya kwanza, kuna kudumu katika hali nzuri: kitambaa kinachosifiwa kwamba "wears well" ni kile kisichochakaa upesi, na mtu mzima anayesifiwa hivyo ni yule ambaye miaka haijamchosha. Kitenzi kimoja kinabeba kuharibika na kutoharibika, na kinachoamua ni kielezi kinachokifuata. Alama za sarufi zinamsaidia msomaji sana hapa, kwa sababu zinaonyesha kwamba maana ya kudumu haichukui yambwa, wakati maana ya nguo haiwezi kukaa bila yambwa: huwezi kusema kwa Kiingereza kwamba mtu "is wearing" ukaishia hapo, kama ambavyo Kiswahili huruhusu kusema "bado anavaa, msubirini".

Lawama yangu ni kwamba maana hizi zimepangwa kama vyumba visivyo na milango kati yake. Msomaji anaona nguo, kisha nywele, kisha uso, kisha ghafla anakutana na uharibifu, wala haambiwi alifikaje huko. Njia ipo, tena ni fupi. Kitenzi kinatokana na "werian" cha Kiingereza cha Kale, chenye mzizi wa Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya kale ya Kiingereza na Kilatini, unaopatikana pia katika neno la Kilatini "vestis", yaani vazi. Nguo inayovaliwa kila siku hulika, na kutokana na matokeo hayo ya kuvaa, kitenzi kikaanza kutumika kwa kulika kwenyewe, kwanza kwa nguo na baadaye kwa jiwe, kwa subira na kwa nguvu za mtu. Kamusi inaitaja asili hiyo ya Kiingereza cha Kale na Kilatini katika kisanduku kidogo kilicho mbali na maana zenyewe, lakini haiiunganishi na maana ya kuchakaa. Mwanafunzi aliyeonyeshwa kwamba kulika kumezaliwa na kuvaa hukumbuka maana zote kwa pamoja. Asiyeonyeshwa hulazimika kukariri kila moja peke yake.

Hasara hiyo huonekana wazi zaidi katika vitenzi vinavyoundwa kwa "wear" pamoja na kijineno kinachofuata, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo sehemu muhimu kuliko zote katika kidahizo hiki. "Wear off" ni kupungua hadi kutoweka, na husemwa kwa ganzi ya sindano, kwa maumivu, kwa nguvu ya dawa au kwa furaha ya kitu kipya. "Wear out" ni kuchakaa hadi kutofaa, na husemwa kwa viatu na mashine, na pia kwa mtu aliyechoshwa kabisa. Wanafunzi wengi huchanganya hivi viwili na kusema kwamba dawa "has worn out", jambo linalomfanya msikilizaji aifikirie dawa kama kiatu kikuukuu. "Wear down" humhusu mtu anayedhoofishwa kidogokidogo kwa kusihiwa au kusumbuliwa mpaka akubali, pamoja na kitu kinachopungua kimo au unene, kama tairi. "Wear away" ni mmomonyoko, ule wa maji juu ya mwamba au wa vidole juu ya maandishi yaliyochongwa. "Wear on" hutumika kwa wakati unaosonga, hasa ule unaoonekana mrefu. Kamusi imetenga kila kimoja, imeonyesha ni kipi kinachoweza kuachanishwa na yambwa yake na ni kipi kisichoweza, na imetoa mifano ambayo mtu anaweza kuiiga bila hofu. Katika eneo hili sijaona upungufu.

Nahau nazo zimeshughulikiwa kwa uangalifu. Kuvaa kofia kadhaa, kwa maana ya kushika majukumu mbalimbali, kumeshaingia katika Kiswahili cha magazeti na hakuhitaji maelezo marefu. Kuvaa moyo kwenye mkono wa shati, yaani kuonyesha hisia zako wazi mbele ya kila mtu, ni usemi unaojulikana kutokana na maneno ya Iago katika Othello ya Shakespeare. Nahau ya kuvaa suruali, inayomtaja mwenye kauli ya mwisho katika nyumba, huwa inasemwa juu ya mke, na imejengwa juu ya dhana kwamba kauli hiyo ni ya mwanamume; mwanafunzi anapaswa kuielewa anapoisikia, lakini simshauri aitumie. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari pia na usemi wetu wa "kuvaa viatu vya mtu". Kiingereza humweka mtu ndani ya viatu vya mwenzake kwa "be" au "put yourself", na mwenye kuandika "wear his shoes" kwa maana hiyo ataeleweka kuwa ameazima viatu.

Maana ya kukubali au kuvumilia jambo usilolipenda ni ya Kiingereza cha Uingereza, ni ya mazungumzo, na hutumika karibu wakati wote katika ukanushi au swali: mkuu wa kazi "won't wear it", yaani hatakubali kabisa. Kamusi imeweka alama zote tatu, na bila alama hizo msomaji angeweza kuipeleka maana hii katika barua rasmi.

Kuhusu maumbo, kamusi inatoa "wore" na "worn" pale panapohitajika, na tovuti yake ina sauti za matamshi ya Uingereza na ya Marekani, msaada mkubwa kwa kitenzi kinacholingana kwa sauti na "bear" huku maandishi yake yakifanana na ya "fear". Nomino "wear" imepewa kidahizo chake, ikiwa na ile ya kuunganishwa na maneno mengine kama katika "sportswear" na "footwear". Hizi ni nomino zisizohesabika, kwa hiyo "underwears", iliyozoeleka katika vibao vya maduka, si umbo sanifu.

Tovuti hupatikana bila malipo, lakini kwa kitenzi hiki napendelea toleo la karatasi. Kwenye simu, maana ya nguo hujaza kioo chote, na msomaji hana dalili yoyote kwamba chini yake kuna kuchakaa, kudumu, kuvumilia na nahau. Kwenye ukurasa uliochapishwa, vyote hivyo huonekana kwa mtupo mmoja wa jicho, na mtu aliyekuja kutafuta "kuvaa" hukutana na "wear off" kabla hajafunga kitabu.