Kupima kabla ya kubadilisha: tathmini ya huduma ya mfumo wa kupooza injini kwa Land Cruiser 80

Land Cruiser ya 80 Series yenye injini ya 1HZ, yaani dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, ina sifa ya kutochoka, na sifa hiyo ndiyo inayowafanya wamiliki wengi wasiuangalie mfumo wa kupooza injini mpaka siku gari linapochemsha katikati ya mlima. Gari ninaloliandikia hapa ni la katikati ya miaka ya tisini. Lilibeba watalii kwa muda mrefu kabla ya kuwa gari la familia yetu, na nililipeleka kwenye gereji iliyopo Unga Limited, Arusha, inayoshughulika zaidi na Land Cruiser za zamani. Naiona huduma yao kuwa bora kuliko nyingine zote nilizowahi kulipia kwa tatizo la aina hii, kwa sababu walipima kila kitu kabla ya kugusa mfuko wangu.

Dalili zilikuwa hizi: barabara ya tambarare gari lilikwenda vizuri, lakini kwenye kupanda kwa muda mrefu mshale wa joto ulianza kusogea kuelekea juu. Asubuhi, injini ikiwa imepoa, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umenywea kiasi cha kugusana kuta zake, ilhali chupa ya akiba ilikuwa imejaa hadi mdomoni. Gereji nyingine, kabla ya hii, ilikuwa imeishughulikia hali hiyo kwa kuitoa themostati, yaani vali inayofunguka kwa joto na kuruhusu maji ya injini yaende kwenye rejeta, na kunirudishia gari likiwa limejazwa maji ya bomba.

Hapo naomba nikae kidogo, kwa kuwa desturi ya kutoa themostati imeenea mno nchini na inaharibu injini nyingi nzuri. Themostati haipo ili kuzuia maji yasipite. Ipo ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Ikitolewa, maji huzunguka muda wote, na katika asubuhi za baridi za Karatu au Ngorongoro dizeli huungua vibaya, mafuta huliwa zaidi, na injini hulika kwa kufanya kazi ikiwa baridi. Tena katika injini nyingi za Toyota themostati inapofunguka huziba njia fupi ambayo maji hupitia kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto huendelea kupita njia hiyo hata pale unapoihitaji rejeta yote ifanye kazi, kwa hiyo gari linaweza kuchemsha mlimani kwa sababu ya dawa ileile iliyokusudiwa kuliponya.

Fundi mkuu aliposikia kuwa themostati imetolewa alitikisa kichwa, akaniambia, “Kaka, tukinunua rejeta mpya leo bila kupima, utarudi na gari lilelile, na chemsho lilelile.” Alianza na pampu ya mkono ya kupimia presha, akaifunga kwenye mdomo wa rejeta, akapandisha presha hadi kiwango cha kifuniko, kisha tukakaa tukiutazama mshale. Haukushuka. Hiyo ilikuwa habari njema, kwa kuwa iliondoa shaka ya uvujaji wa nje, ikiwemo pampu ya maji, ambayo inapochoka hudondosha maji kupitia tundu dogo lililo chini ya ekseli yake. Baadaye alipima hewa iliyo juu ya maji ya rejeta kwa dawa ya bluu ambayo hubadilika rangi ikikutana na moshi wa injini. Ilibaki bluu, na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi yake, ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Mkosaji wa kwanza alikuwa kifuniko cha rejeta. Kilikuwa na maandishi ya 0.9, yaani kiwango cha presha kinachopaswa kukishikilia kabla ya kufunguka, lakini kwenye kipimo kilifunguka mapema sana, na vali yake ndogo ya katikati ilikuwa imegandishwa na kutu. Vali hiyo ndiyo inayoruhusu maji kurudi kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Ikikwama, injini hunyonya bila kupata kitu, na mpira wa juu ndio unaominywa. Kwa watu wa nyanda za juu kifuniko kina uzito wa pekee. Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye digrii 95 hivi, si 100, na ukipanda hadi ukingo wa Ngorongoro huchemka mapema zaidi. Presha ya kifuniko kizima ndiyo inayosukuma kiwango hicho kupita digrii 110. Kwa hiyo kifuniko kibovu ambacho mtu wa Tanga angekaa nacho bila kukigundua, huku kwetu kinalichemsha gari.

Mkosaji wa pili alionekana rejeta iliposhushwa. Kati yake na kondensa ya kiyoyozi, ambayo hukaa mbele ya rejeta, palikuwa pamejaa mbegu za nyasi zilizoshikana na vumbi na mafuta, zikawa kama mkeka uliofunika karibu theluthi ya chini ya rejeta. Kwa mbele hazikuonekana kabisa. Waliilaza rejeta juu ya matairi mawili wakaipitishia maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, wala hawakukubali kutumia mashine ya presha, ambayo hulaza mapezi membamba na kuziba njia za hewa moja kwa moja. Maji yaliyotoka mwanzoni yalikuwa ya rangi ya kahawia nzito, pamoja na vipande vya mabua. Kwa ndani rejeta ilipitisha maji vizuri, kwa hiyo haikuchokonolewa wala kubadilishwa, na hapo niliokoa fedha nyingi.

Klachi ya feni, kiungo kinachoifanya feni izunguke kwa nguvu injini inapopata moto, nayo ilikuwa imelegea: injini ikiwa ya moto, feni iliendelea kujizungukia kwa ulaini badala ya kushika. Badala ya kuuza klachi mpya waliifungua na kuijaza mafuta ya silikoni ya Toyota, ya namba 10,000, namba inayoonyesha uzito wa mafuta hayo. Mlio wa feni wakati wa kupanda sasa unasikika ndani ya gari, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Themostati mpya, orijino, ilijaribiwa mbele yangu ndani ya sufuria yenye kipimajoto kabla ya kufungwa, na ikafungwa kipini chake kidogo kikiwa juu ili hewa ipite. Mfumo ulisuuzwa mpaka maji yakatoka meupe, plagi ya kwenye bloku ikiwa imefunguliwa pia, jambo ambalo gereji nyingi huliruka na kuacha maji machafu ndani. Kisha ulijazwa kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, nyekundu ya Toyota, nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Kutoa hewa kulichukua muda: pua ya gari ilipandishwa, hita zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zikafunguliwa, na kifuniko kikaachwa wazi mpaka themostati ilipofunguka na mapovu yakaisha.

Zipo kasoro. Makadirio ya gharama yalitolewa kwa mdomo tu, na kwa kazi ya kiwango hiki mteja anastahili karatasi. Mabomba ya hita ya nyuma, yanayopita chini ya gari na kula kutu kimya kimya, yalikaguliwa baada ya mimi kuuliza. Klampu za awali za springi, yaani vibano vya kushikia mipira ya maji, ambazo hufuata mpira unapotanuka na kusinyaa, zilibadilishwa kwa klampu za skrubu, na mbili kati ya hizo zilikazwa mno hadi zikaanza kukata mpira. Nilipoonyesha, walizibadilisha bila ubishi. Gari pia lilikaa gerejini zaidi ya muda tulioahidiana, kwa kuwa spea orijino zilisubiriwa.

Nimeshalipandisha gari hilo ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, likiwa na watu na mizigo, jua la mchana likiwaka na kiyoyozi kikifanya kazi. Mshale ulibaki mahali pake mpaka Karatu. Kwa kuwa geji za magari haya hutulia katikati hata joto linapoanza kupanda, nilisimama juu ya mlima na kupima mpira wa juu kwa kipimajoto cha bunduki, nacho kikasoma chini ya digrii 90. Asubuhi iliyofuata mpira ulikuwa mviringo kamili, na maji ya chupa ya akiba yalikuwa kati ya alama mbili.

Mwenye gari la kazi asiyeweza kulilaza gerejini ajipange mapema na awaulize mafundi hawa kwanza kama kifuniko, themostati na kulanti vipo dukani. Mwenye nafasi ya kusubiri alipeleke gari lake, na adai makadirio yaandikwe na mabomba ya nyuma yakaguliwe tangu mwanzo.